Malalamiko Dhidi ya Maktaba Iliyopokea Mwano Ikanyamaza

Ofisi ya Katibu wa Sungusungu,
Kitongoji cha Mgodini,
Masumbwe.
(Ofisi ni sebule yangu, lakini muhuri upo.)

Kwa Mhandisi Herman,
Kahama.

Mpwa wangu Mhandisi,

YAH: MAKTABA YA WINCHI KUPOKEA WITO WA HATARI NA KUKAA NAO KIMYA

Shikamoo yako uliyoituma kwa meseji nimeipata, na marahaba yake naiweka hapa kwa maandishi, usije ukasema upande wetu ulipokea kitu ukanyamaza. Mama yako Dorah hajambo, analalamika tu kwamba ukija huku unaanza kusalimia boksi la mashine kabla yake. Shangazi yako Zipora, mke wangu, amekwenda Ushirombo kwa dada yake kuchukua nguo za mtoto atakayezaliwa, anarudi kesho, ndiyo maana nimepata utulivu wa kuandika kwa kirefu. Baada ya salamu hizo, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kama Katibu wa sungusungu, yaani jeshi letu la jadi la ulinzi. Mahali ambapo mjomba atajitokeza badala ya Katibu, utamvumilia. Na kwa kuwa barua hii itasomwa mbele ya wajumbe ambao wengine hawajawahi hata kuchungulia duara, itanibidi nieleze mambo unayoyajua.

Kikundi chetu cha wachimbaji kilikubali ushauri wako, tukafunga mashine kwenye duara la Mama Lusia, lile shimo refu ambalo watu hushushwa na kupandishwa kwa kamba ya winchi. Mashine ina kifaa cha kunusa hewa kilichoning'inizwa chini kabisa, king'ora kilichofungwa kwenye mti wa winchi, na kompyuta ndogo ndani ya boksi la bati inayosimamia vyote. Makubaliano yalikuwa mepesi hata kwa mtu aliyelala usingizi kwenye kikao: hewa ikichafuka, kifaa kinatuma ishara, winchi inasimama, king'ora kinalia, nasi tunawatoa watu.

Siku ya tukio, asubuhi kabla ya chai, walikuwa chini Charles na Mayala. Mayala ni mume wa binti yangu Suzana, na Suzana, kama unavyojua, mimba yake iko ukingoni. Hewa ikachafuka. Kifaa kikanusa, kikatuma ishara. Winchi ikasimama kama ilivyotakiwa. King'ora hakikutoa hata kikohozi. Sisi tuliokuwa juu tukadhani umeme umekatika, maana kwetu kitu kikisimama ghafla hiyo ndiyo dhana ya kwanza, na watu wakaanza kuuliza kwa simu kama Masumbwe mjini upo.

Generosa, yule mama anayeponda mawe kando ya duara, aliona kamba haitikisiki. Hakuuliza habari za umeme. Alipiga mwano.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo naeleza. Mwano ni sauti ya kuomba msaada: ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtu amezidiwa. Sheria yake ni moja. Ukiusikia, unaupokea kwa kupiga wa kwako ili jirani aliye mbele asikie naye apige, na huku unatoka mbio kuelekea ulikoanzia. Anayeusikia akakaa ana kosa kubwa kuliko mwizi mwenyewe. Mwizi angalau alitoka nyumbani kwake.

Basi watu wakaja, kamba ikavutwa kwa mikono, Charles akatoka anatapika, na Mayala akatoka hajitambui. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe. Niliogopa, Herman. Sijawahi kumwambia mkwe wangu kwamba nampenda, na siku ile pia sikumwambia, nilimmwagia maji tu. Alipofumbua macho aliniamkia akiwa chini vilevile, nami nikazidi kummwagia maji.

Ukaja, ukafungua boksi lako, ukatueleza. Ulisema programu yako umeiandika kwa lugha fulani, na lugha hiyo ina msimamizi wake anayeiendesha ndani ya kompyuta. Winchi nayo ilikuja na maktaba yake, uliyoiita maktaba asilia. Msimamizi wa lugha alikuwa amejiandikisha kuipokea ishara ya hewa chafu. Maktaba ilipoingia ikajiandikisha kwa ishara ileile, na kwa kujiandikisha huko ikamfuta mwenzake bila kumwambia. Ishara ilipokuja, maktaba ikaipokea, ikasimamisha winchi, ikaona kazi imekwisha. King'ora kilikuwa mikononi mwa msimamizi wa lugha, na yeye hakuambiwa kitu.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Neno "asilia". Sisi Wasumbwa ndio wenyeji wa hapa. Uliposema mbele ya mkutano kwamba mkosaji ni wa asili, nyuso zote ziligeuka upande wetu. Kamanda Ngassa, ambaye ni Msukuma na mtani wangu, akauliza lugha iliyoonewa ni ipi, na kabla hujafungua mdomo Wasukuma walikwishakubaliana kuwa ni ya kwao, kwa kuwa ndiyo inayosemwa na wengi. Ikaundwa kamati ya usuluhishi kati ya Asilia na Lugha. Mimi niliwakilisha Asilia, Ndaki jirani yangu akawakilisha Lugha. Tulikaa, tukanywa togwa, tukatunga mapatano: Wasumbwa hawatagusa king'ora, Wasukuma wataacha kutuita wakimya, na mambo ya Asilia yatashughulikiwa na Asilia, ya Lugha na Lugha. Ulipopiga simu kutufahamisha kwamba "asilia" maana yake ni maktaba iliyoandikwa karibu na chuma cha mashine, na haihusiani na kabila la mtu, tulikuwa tumeshatia saini na muhuri. Kuyafuta itahitaji kikao kingine na togwa nyingine.

Hilo la "maktaba" nalo lina mchango wake. Mimi maktaba ninayoijua ni kile chumba cha vitabu pale misheni, ambapo ukikohoa unaonyeshwa kidole mdomoni. Ulipotuambia king'ora kilinyamazishwa na maktaba, wazee kadhaa walitikisa vichwa kwa kuelewa kabisa.

2. Kiti kimoja. Ulituambia kila ishara ina kiti kimoja tu cha mpokeaji, na anayefika mwisho ndiye anayekaa. Aliyekuwepo hafukuzwi, haandikiwi barua, haagwi. Anafutwa. Mpwa wangu, hata uongozi wa kitongoji hauendi hivyo. Anayeingia na anayetoka wanaweza kuchukiana mpaka wakasusiana misiba, lakini ofisi wanakabidhiana. Na mgeni akija kulala kwa mtu hapa, anaripotiwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi: katoka wapi, kaja kwa nani, anaondoka lini. Hii maktaba imeingia kwenye kompyuta yetu, imekalia kiti cha mwenyewe, na balozi hana habari nayo mpaka leo. Nimemuuliza. Alisema hata jina hilo hajalisikia, na akaniuliza kama wamekuja na mifugo.

3. Dawa yako ya kwanza. Ulibadilisha zamu: maktaba ikaingizwa mapema, msimamizi wa lugha akaingia nyuma yake ili yeye ndiye akae kwenye kiti. Tukajaribu kwa ndoo ya mawe, bila mtu ndani, namshukuru Mungu. King'ora kililia vizuri sana, kilisikika mpaka sokoni. Ila winchi haikusimama, kwa sababu sasa maktaba ndiyo haikuambiwa. Ndoo ikapanda na kupanda, ikagonga mti wa winchi, mawe yakamwagika hatua chache kutoka alipokaa Generosa. Yeye aliinuka, akajipangusa vumbi, akahamisha kigoda chake. Kwa upande wangu kama mwakilishi wa Asilia, nakiri nilifarijika kuona kwamba Lugha naye akipewa kiti anawasahau wenzake. Ndaki siku hiyo aliaga mapema, akasema ng'ombe wake wanamsubiri.

4. Dawa yako ya pili. Ukasema basi tuzizibe ishara kwa muda, wakati unatafuta namna ya kuwapatanisha. Nikadhani kuziba ni kuzifuta. Kumbe zinawekwa mlangoni zikisubiri. Na tena, kifaa kikiita mara moja au kikiita mpaka kichoke, pale mlangoni zinasimama kama ishara moja tu. Ukafungua Jumapili ukiwa Kahama, kwa mtandao, bila kutupa taarifa. King'ora kikalia padri akiwa katikati ya mahubiri juu ya kukesha, kwa kuwa hatujui siku wala saa. Kanisa lote lilitoka mbio, padri akiwa miongoni mwa wa mbele. Tulipofika duarani hapakuwa na mtu chini wala hewa mbaya. Ilikuwa hewa ya Ijumaa. Tangu siku hiyo mahudhurio ya kanisani yameongezeka, lakini padri hajafurahi.

5. Utetezi wa kuwa na shughuli. Hili limeniudhi kuliko yote. Nilikuuliza kwa nini maktaba haikupaza sauti hata kidogo ilipopokea ishara. Ukanijibu kwamba mpokeaji akiwa katikati ya kupokea hatakiwi kufanya mambo mengi. Asiongee, asiandike, asiombe nafasi ya kuweka kitu, kwa sababu ishara inaweza kuwa imemkuta mwenye kazi katikati ya jambo lililoshikwa nusu, na wakigongana wote wawili wataganda. Anachoruhusiwa ni kuinua kibendera kidogo. Baadaye mwenye kazi akipata nafasi atakiona kibendera, ndipo atashughulika. Samahani, Mhandisi, lakini nimewahi kuhudumiwa hivyo katika ofisi nyingi, nami sikujua kwamba ni utaalamu.

Nasema hivi, na ninaomba wajumbe walisikie: mtu kuwa katikati ya jambo lake si utetezi. (Hapa nje kuna kelele kidogo, naendelea.) Mbele ya sungusungu utetezi huo haujamwokoa mtu hata mmoja. Mageni alisikia mwano akiwa anaoga, akasema atamaliza kwanza sabuni. Alitengwa mpaka mavuno. Hakuna aliyemsalimia, hakuna aliyemwazima jembe, na alipopata msiba wa mjomba wake alichimba kaburi na shemeji yake peke yao. Kama sabuni haikukubaliwa, kibendera kitakubaliwaje?

6. Dawa ya tatu. Hii ni ile uliyoileta juzi. Umeandika kipande kidogo cha kukaa katikati yao. Anayetaka kukalia kiti sasa analazimishwa kwanza kuuliza nani alikuwepo, amweke kumbukumbuni, na ishara ikija afanye ya kwake kisha ampokeze mwenzake. Tulishusha ndoo ya majani yanayofuka moshi. Winchi ikasimama, king'ora kikalia, watu wakapiga makofi, mama yako akalia machozi. Ukasema huko kwenu jambo hili linaitwa kuunganisha mnyororo.

Herman, huo ni mwano. Unasikia, unafanya lako, unampigia wa mbele yako. Kwa hiyo naomba popote duniani panapofundishwa huo mnyororo kitongoji chetu kitajwe kama wagunduzi, na Kamanda Ngassa atumiwe cheti. Ila lalamiko lenyewe ni hili: umeitengeneza maktaba bila kuihukumu. Imewaacha watu wawili chini ya ardhi, na leo inaendelea na kazi kwenye boksi lilelile, imepewa hata kivuli.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima kwamba maktaba hiyo ifikishwe mbele ya baraza la sungusungu Jumamosi hii, ikiwa ndani ya boksi lake au kwa namna yoyote inayobebeka. Ikishindwa kujieleza itengwe: isichajiwe simu karibu yake, na asiwepo wa kuipangusa vumbi. Mtengenezaji wake huko ng'ambo aje mwenyewe hapa Masumbwe, alale kwa balozi, na afundishwe kupiga mwano uwanjani mpaka wakaguzi wetu wa upande wa Ushetu wathibitishe kuwa wameusikia. Na kuanzia sasa programu yoyote itakayoingia kwenye kompyuta yoyote ya wilaya hii ije na barua ya utambulisho kutoka kitongoji ilikozaliwa. Najua wengine watasema ni nyingi. Basi kila moja isubiri zamu yake, balozi yupo.

Ombi la mwisho ndilo kubwa, na hapa anaongea mjomba. Jumatatu Mayala anatakiwa kurudi chini. Ndiyo kazi aliyonayo, na mtoto yuko njiani. Suzana amemkatalia. Amekaa mlangoni na tumbo lake akaniambia hivi: "Baba, mimi sibishani na mashine yenu wala na winchi yenu. Mayala hashuki mpaka nimjue ni nani atakayeita." Nikaenda kulitafuta jibu. Sasa ninalo.

Ing'oe mashine. Yote, na boksi lake na mnyororo wake. Pale mdomoni mwa duara weka kiti, na juu ya kiti niweke mimi, kwa cheo cha Mpokeaji Mkuu wa Ishara. Nina filimbi, nina koo zima, na ndani yangu hakuna maktaba. Nimekuwa katibu wa sungusungu tangu wewe unatambaa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Januari alisikia mwano akakaa. Kifaa kitanusa kinavyotaka, lakini wa kuamka na kupiga kelele awe mtu mwenye damu, anayejua kwamba aliye chini ni mume wa binti yake. Mkwe wangu anastahili kulindwa na sikio la mzazi.

Nasubiri utekelezaji. Msalimie mkeo Nelly, na wote wa nyumbani, na mafundi wenzako hapo ofisini, na yule jirani yako wa Ushirombo aliyenipa lifti, na hata maktaba nyinginezo ulizonazo ambazo hazijafanya kosa. Waambie hatuna ugomvi nazo kwa sasa.

Ni mimi mjomba wako katika ulinzi,

Januari (Baba Suzana),
Katibu.

Nakala: Kamanda Ngassa, Balozi, Ndaki, kwa niaba ya Lugha.

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutiwa kwenye bahasha kwa sababu ambayo utaisikia kwa watu wengine, kwa hiyo bora uanze kuisikia kwangu. Zile kelele nilizozitaja kwenye lalamiko la tano zilikuwa mwano. Ulitoka upande wa kwa Suzana. Niliusikia vizuri, sikatai, ila ulinikuta katikati ya sentensi, na sentensi yenyewe ilikuwa inahusu uzembe. Niliinua mkono dirishani ili yeyote anayepita ajue kwamba nimesikia, nikaendelea kuandika. Nilifikiri pia kwamba kwa Ndaki ni karibu zaidi. Ndaki naye, kumbe, aliusikia akiwa zizini, akafikiri kwamba kwa kuwa ni binti yangu, kwa mujibu wa mapatano hilo ni la Asilia.

Aliyeupokea ni Generosa, kule duarani, akaupiga tena kwa sauti yake ileile. Mayala alikuwa anapanga matimba, ile miti ya kukingia kuta za duara, akasikia, akakimbia. Suzana alifikishwa zahanati kwa bodaboda, na dakika chache baadaye akajifungua salama mtoto wa kike. Mimi nilifika nikiwa na kalamu mkononi. Mtoto wamemwita Generosa. Jina la marehemu mama yangu, ambalo lilikuwa limeshakubaliwa, limewekwa akiba. Shangazi yako ameambiwa kwa simu na amekatiza safari, na utulivu niliousema mwanzoni uhesabu umekwisha.

Kesi ya maktaba imeahirishwa. Jumamosi tunashtakiwa mimi na Ndaki, Asilia na Lugha pamoja, kwa hiyo unaweza kuandika kwamba usuluhishi umekamilika. Mageni ameomba awe mzee wa baraza siku hiyo, na amekubaliwa. Nakusihi uje, na uje na yale maelezo yako ya mpokeaji aliye katikati ya kazi ambaye kitaalamu haruhusiwi kufanya zaidi ya kuinua kibendera. Yaandike vizuri, yapige muhuri.

Mashine usiing'oe kwanza. Nilimuuliza Mayala pale zahanati kama yuko tayari kushuka Jumatatu, mimi nikiwa nimekaa kwenye kile kiti. Alimpa Suzana mtoto, akaniamkia upya kwa heshima zote za mkwe, na akasema kwamba atashuka, ila king'ora kibaki na kiti kiondolewe.